Skuta Iliyokuwa Ikizimika Kaole

Namhimidi Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwapa waja wake elimu tonge kwa tonge kama mama anavyomlisha mtoto, na namwomba amfikishie Mtume wetu sala na amani, yeye na jamaa zake na masahaba wake. Baada ya hayo, nataka kusimulia habari za chombo nilichokipanda ujanani na kitabu nilichokisoma nikiwa nacho. Sina jambo kubwa la kusimulia. Lakini neema nyingi za Mola wetu hupitia katika mambo madogo, na mtu asipoyataja huyasahau.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nikisomesha watoto katika chuo cha mtaani kwetu, Bagamoyo, na mjomba wangu, aliyekuwa akifanya biashara ya mbata za nazi, alikuwa na skuta kuukuu ya rangi ya samawati. Goti lake lilipokataa kupiga kiki alinipa mimi, akasema, "Chukua. Ni mvivu kama wewe, mtasikilizana." Hewa ya chumvi ilikuwa imeila pembezoni kote, honi ilikuwa haina sauti, na taa ya mbele ilimulika kwa kadiri ya mshumaa. Mimi niliipokea kama aliyepewa farasi.

Kila wiki skuta ile ilikuwa na lake. Waya wa klachi ulikatika, nikajifunza kufunga wa akiba chini ya kiti. Mchanga uliingia kwenye breki, nikajifunza kufungua gurudumu na kuufuta kwa kitambaa kikavu. Skuta za aina ile zilichanganyiwa oili na petroli katika tangi moja, na mchanganyiko ule ulikuwa na kipimo chake: ukizidisha oili, plagi hutoka nyeusi imelowa na injini haiwaki, ukipunguza, injini hupata moto ikaanza kulia kama inasagwa. Nilijifunza kuisoma plagi. Ikitoka na rangi ya kahawia kama ngozi ya tende, nilijua mambo ni mazuri. Sikuwahi kuchukia kazi hizo. Nilizifanya baada ya sala ya alfajiri, mlango wa ua ukiwa wazi, na majirani walipita wakinisalimu na kunicheka, nami nikiwaitikia na mikono myeusi.

Sababu iliyonifanya niitunze skuta ile ni mwalimu wangu. Alikuwa akiishi Mlingotini, mzee ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu hata hakuweza tena kusoma, lakini kitabu kizima cha fiqhi kilikuwa kifuani mwake. Jumatatu na Alhamisi, baada ya kuwaruhusu watoto wa chuo waende kwao, nilipanda skuta nikaenda kwake, nikapita Kaole na kuendelea kwenye njia ya mchanga katikati ya minazi. Mimi nilisoma maneno ya kitabu, yeye akaeleza. Darasa letu lilianza nikifika na lilikwisha kwa adhana ya magharibi, kwa kuwa baada ya hapo watu wa kijiji walimjia kwa shida zao, na hakupenda kuwangojesha.

Tulikuwa tumekwisha kupita milango ya tohara, sala, saumu, hija, biashara na mirathi, tumeingia kwenye ndoa, ndipo ikaja barua ya binti yake aliyeolewa Pangani. Alisema baba yake hawezi tena kukaa kijijini na mama peke yao, na kwamba mumewe atakuja kuwachukua kabla ya mwezi wa Rajabu. Wakati huo Mfungo Nane, miezi miwili kabla ya Rajabu, ulikuwa ndio kwanza umeandama.

Mwalimu alinitaka nimsomee barua ile mara mbili. Kisha akasema, "Kitabu kimebaki kiasi gani?"

Nikahesabu. "Milango kumi na mitatu, maalim."

"Wote niliowasomesha kitabu hiki wameniacha kabla ya mlango wa mwisho. Huyu ameoa, yule amepata kazi mjini, mwingine amekufa, Mungu amrehemu. Mimi nataka nifike ukurasa wa mwisho na mtu, mara moja, kabla sijaondoka. Utaweza?"

Nikasema inshallah nitaweza. Nilitaka pia idhini yake ya kusomesha kitabu kile, na desturi yake ilikuwa kwamba idhini haitolewi kwa kitabu nusu. Lakini sauti aliyoulizia ilinionyesha kwamba haja yake ni kubwa kuliko yangu.

Ndipo skuta ilipoanza kuzimika.

Hapa lazima niseme kosa langu. Tangi la skuta ile lilikuwa chini ya kiti, na kifuniko chake kilikuwa na tundu dogo kama la sindano. Njia ilipokuwa mbovu, petroli ilitokea kwenye tundu lile ikalowanisha kiti, na kiti kikalowanisha kanzu yangu. Siku moja niliingia msikitini kwa sala ya magharibi, na mzee aliyekuwa kando yangu katika safu akasogea. Tulipomaliza aliniuliza kwa upole mbele ya watu, "Maalim, siku hizi unatawadha kwa petroli?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini nilirudi nyumbani nimeona haya. Petroli si najisi, ila mtu hatakiwi kuwaudhi wenzake msikitini kwa harufu. Nilikuwa nimewaona madereva wa malori wakiziba matangi yanayovuja kwa sabuni ya kufulia, kwa kuwa petroli haiiyeyushi. Basi nikachukua kipande cha sabuni, nikakilainisha kwa vidole, nikaliziba lile tundu barabara. Kanzu yangu ikabaki safi. Nikamshukuru Mungu na kujiona mtu mwenye akili.

Alhamisi iliyofuata, nilipofika Kaole, karibu na magofu, injini ilianza kukohoa kama mtu aliyepaliwa, ikapungua nguvu, ikazimika. Nilipiga kiki mpaka mguu ukaniuma.

Kando ya njia pale palikuwa na nyumba ya bibi mmoja msusi wa mikeka. Alikuwa amekaa barazani na ukili wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo pikipiki yako inakushinda kwa adabu."

"Kwa nini, bibi?"

"Yenyewe inajua pa kusimama." Aliashiria kwa kidevu upande wa makaburi ya kale, mikono haikuacha kusuka. "Watu wamelala pale tangu babu wa babu yangu hajazaliwa, nawe unapita mbio na kelele zako, hata salamu huna. Mwalimu mzima."

Neno lake lilikuwa la haki. Niliwaelekea watu wa makaburini, nikawatolea salamu, nikasoma Fatiha na kuwaombea. Kisha nikarudi kwenye skuta, nikafungua tangi kutazama kama petroli imo, nikalifunga, nikaitoa plagi na kuisugua kwa msasa, nikairudisha, nikapiga kiki. Ikawaka.

"Unaona?" alisema bibi.

Nilifika Mlingotini skuta inakohoa tena, muda wa darasa umekwisha nusu. Wakati wa kurudi ilizimika pale pale Kaole, ingawa kabla ya kuondoka nilikuwa nimefungua tangi kupima petroli, kama nilivyofanya kila mwanzo wa safari. Na Jumatatu vilevile, na Alhamisi vilevile, kwenda na kurudi. Kila mara nilifanya yale yale: salamu, Fatiha, tangi, plagi, kiki, na kila mara iliwaka.

Jambo kama hilo pwani kwetu halikai siri. Wiki ya pili nilikuta wanawake wawili wananingojea kwa bibi, wanataka, nikisoma, niwataje na wagonjwa wao. Wiki ya tatu habari zilikuwa zimefika mjini. Mtu mmoja aliniamkia sokoni kwa heshima ambayo sikuwa nimeizoea, akaniuliza kama ni kweli chombo changu hukamatwa na wazee wa Kaole mpaka nisome. Nilijibu, "Mungu ndiye ajuaye." Jibu hilo ni sahihi daima, lakini siku ile nililitumia vibaya, kwa maana nililisema kwa namna ya kumwacha aendelee kuamini. Nilikuwa nimeanza kulipenda jambo lile. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Kitabu, kwa upande wake, kilikuwa hakiendi. Ilikuwa lazima tumalize milango miwili kila wiki, nasi tulimaliza mmoja kwa shida. Mwalimu hakunilaumu. Aliketi mlangoni akisikiliza njia, na kila nilipofika aliuliza, "Leo umekuja na muda kiasi gani?" Nilipompa habari za Kaole, alisema, "Wafu wale wanahitaji dua ya kila mpita njia, hilo ni kweli. Lakini petroli yako wataifanyia nini?"

Nikaenda kwa fundi. Alikuwa mtu wa makamo, alitengeneza baiskeli, cherehani na majiko ya mafuta karibu na soko, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko tupa zake. Alifungua tangi akatazama petroli, akafungua kabureta akaipuliza, akabadilisha plagi, akaizungusha skuta sokoni mara tatu.

"Haina kitu," alisema.

"Lakini inazimika, fundi."

"Wapi?"

"Kaole."

"Kila siku?"

"Kila siku ya safari. Kwenda na kurudi."

"Basi usipite Kaole." Alijifuta mikono. "Maalim, mimi natengeneza ugonjwa ulio hapa sokoni. Huo wa Kaole, nenda katibiwe Kaole."

Nilipoondoka aliniita tena, mzaha umemtoka. "Inapozimika, unafanya nini?"

Nikamweleza yote kwa mpangilio. Akatikisa kichwa.

"Dawa nne kwa kikombe kimoja. Mgonjwa akipona, utamshukuru mganga gani? Fanya moja, piga kiki. Haikuwaka, fanya la pili, piga kiki. Utajua."

Maneno yale yamenifaa katika mengi kuliko skuta, lakini kuyafuata kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Jumatatu ilipozimika Kaole, bibi barazani na wanawake wanne pembeni yake, nilisoma Fatiha kwanza, kisha nikapiga kiki bila kugusa kitu kingine. Haikuwaka. Wanawake wakatazamana.

"Umeisoma yote?" aliuliza mmoja.

"Nimeisoma yote, dada yangu."

"Labda ulikuwa na haraka," alisema bibi. "Wewe siku hizi una haraka."

Nilisimama pale jua likinipiga, nikaona nilivyokuwa nimeteleza. Nilikuwa nimeisoma Fatiha nikiwa nasikilizia injini. Sura ile tunaisoma kumwomba Mola wetu atuongoze, nami nilikuwa nimeitumia kama bisibisi. Nikaomba msamaha kimoyomoyo, nikaisoma upya kwa ajili ya wale waliolala, bila kuitazama skuta kabisa. Ndipo nikatoa plagi, nikaisafisha, nikairudisha, nikapiga kiki. Haikuwaka. Nikafungua tangi. Petroli ilikuwamo, imejaa. Nikafunga, nikapiga kiki.

Ikawaka mara moja.

Nilibaki nimeshika usukani nisielewe. Petroli ilikuwapo kabla sijaitazama na ilikuwapo baada ya kuitazama. Chombo kinaponaje kwa kutazamwa? Niliwaambia wanawake kwamba Fatiha haikuwasha injini, wala haina haja ya kufanya hivyo. Mmoja alikubali. Wengine waliona nawaficha kitu.

Siku ile nilifika Mlingotini nimechelewa kuliko siku zote. Mwalimu alikuwa amejinyoosha kitandani ndani, na mkewe, ambaye sisi wanafunzi sote tulimwita mama, aliniambia nikae barazani ninywe chai mpaka mzee aamke. Alileta kikombe cha chai ya rangi na kopo la maziwa ya sukari, akalitoboa kwa msumari na jiwe, tundu moja, akanipa nijimiminie mwenyewe, akaingia kumwamsha mzee. Nikaliinamisha kopo. Yalitoka matone mawili, yakakatika. Nikalitikisa, tone moja tena. Nilikuwa nalipiga kitako kwa kiganja mama alipotokea.

"Unalipigia nini kopo la watu? Tundu moja halitoi. Toboa la pili upande wa pili, lipate pumzi."

"Nimesahau, mama."

"Vitabu vyote hivyo, na kopo la maziwa limekushinda."

Nikatoboa. Maziwa yakashuka kama uzi. Nikanywa chai yangu, mwalimu akatoka akiongozwa kwa mkono, nikaubusu mkono wake, nikafungua kitabu. Tulikuwa kwenye mlango wa eda. Nilisoma mistari mitatu au minne, nikaikatiza sentensi katikati.

"Mbona umenyamaza?" alisema mwalimu. "Umekuta nini?"

"Nimekuta kifuniko, maalim."

"Kifuniko? Katika eda?"

"Katika skuta. Nimeliziba tundu la tangi kwa sabuni. Petroli inashuka kwenye injini, na juu haiingii hewa ya kuchukua nafasi yake, basi inafika mahali inakataa kushuka. Nikifungua kifuniko, hewa inaingia."

Mwalimu alifikiri. "Na Kaole ni mwisho wa pumzi yake."

"Ndiyo, maalim. Ukitoka mjini na ukitoka hapa, ni karibu sawasawa."

Alicheka mpaka akashika ubavu, na mama akacheka ndani, ingawa sidhani alikuwa amesikia yote. Kisha mzee akapangusa macho yake na kusema, "Alhamdulillahi. Sasa soma. Skuta imengoja mwezi mzima, itangoja mpaka magharibi."

Baada ya sala mama alinipa ule msumari na uzi wa chuma aliokuwa akizibulia jiko. Nikaitoa sabuni yote, nikakipuliza kifuniko mpaka nikasikia hewa inapita. Kuhusu kanzu, alinishangaa. "Kwa nini usivae msuli mkuukuu njiani, kanzu ukaifunga kwenye kitambaa, ukavaa ukifika?" Tangu siku ile nilifanya hivyo, na sikumwudhi mtu tena katika safu.

Nilirudi Bagamoyo bila kuzimika. Pale Kaole nilipita jioni inaingia, na bibi alinyanyuka barazani kuangalia kama nitasimama. Sikusimama. Alhamisi nilisimama kwa kukusudia, nikazima injini kwa mkono wangu, nikamwonyesha kifuniko na tundu lake, nikamweleza habari ya sabuni. Alikitazama, akaweka jicho kwenye tundu na kukielekeza kwenye jua.

"Kwa hiyo wazee hawa walikuwa hawana habari nawe."

"Hawana, bibi."

"Na mimi nimewaita watu kutoka Kaole nzima." Alinirudishia kifuniko. "Haya, nenda. Utawaambia wewe mwenyewe, mimi sina uso."

Nikawaambia. Nilikwenda kwa kila mwanamke aliyenipa jina la mgonjwa, na mjini nilimtafuta yule mtu wa sokoni, nikamweleza kwamba nilikuwa nimeziba tundu kwa sabuni nisinuke petroli. Wengine walicheka, na mmoja alikuwa akinipenda zaidi kabla sijamwambia. Kwa wiki kadhaa vijana wa soko waliniita Maalim Sabuni. Nilistahili, na sikuwakataza. Fundi hakucheka. Alikipuliza kifuniko, akasema, "Mimi nilipoipima nilifungua tangi kwanza. Nilikuwa naitibu bila kujua," akarudi kwenye cherehani yake.

Siku zilikuwa zimekwenda sana. Ulibaki mwezi mmoja na siku chache, na milango tisa. Lakini sasa nilifika Mlingotini jua likiwa bado liko juu ya minazi. Tukasoma eda tukaimaliza, tukasoma matumizi ya mke, tukasoma kisasi na dia ya kumwaga damu, hukumu na ushahidi. Mwalimu aliongeza siku ya Jumamosi bila mimi kuomba. Watu waliokuja na shida zao aliwaambia wangoje nje kidogo, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya. Skuta ilinisaidia. Mara moja tu waya wa klachi ulikatika, nikaubadilisha njiani kwa muda wa kumaliza tasbihi tatu.

Mlango wa mwisho wa kitabu kile ni mlango wa kuwaacha watumwa huru. Tuliufikia Alhamisi, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya safari. Ndani, mama alikuwa anafunga vyombo. Mikeka ilikuwa imekwisha kukunjwa, tukakaa juu ya sakafu tupu. Nilisoma maneno ya kwanza, na nilingoja aeleze kama kawaida. Hakueleza. Alisema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Endelea," nami nikaendelea, mstari kwa mstari, mpaka neno la mwisho na dua ya mtunzi.

Kisha aliniambia. Mama yake aliletwa pwani kwa miguu kutoka bara, akiwa binti mdogo, akauzwa hapa hapa Bagamoyo, na aliachwa huru siku alipozaliwa yeye. Mtoto alipokua akapelekwa kusoma. Alikaa nyuma, na watoto wa nyumba kubwa walikaa mbele. Alikisoma kitabu hiki kwa masikio yake, na walipofika mlango huu mwalimu wao aliwatazama waliokaa mbele, akawatazama wa nyuma, akafunga kitabu. Alisema yaliyobaki hayana haja tena zama hizi. Wakasoma hitima, wakala halua, wakatawanyika.

"Niliutafuta mwenyewe baadaye nikausoma," alisema. "Lakini kusoma peke yako si kusomeshwa. Nikasema, siku moja nitausikia ukisomwa kwa sauti, katika darasa, mbele ya mwalimu na mwanafunzi, kama milango mingine. Na kila niliyekuwa naye aliondoka kabla."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, amesikiliza yote. Naye akaiweka chini taratibu, asifanye kelele.

Mwalimu alinitaka nichukue kalamu. Idhini yangu niliiandika mimi mwenyewe kwa imla yake, kwamba nimekisoma kitabu kwake toka neno la kwanza mpaka la mwisho, na aliyarudia maneno "mpaka la mwisho" ili nisiyaache. Kisha nikamwekea ncha ya kalamu mahali pa sahihi, akaandika jina lake kwa macho yale yasiyoona, herufi zikipandana. Karatasi ile ninayo.

Jumapili niliwasindikiza kwa skuta mpaka barabara kuu, mimi mbele, gari la mkwe wake nyuma. Pale njia ya Msata inapoanzia tuliagana. Aliishi Pangani miaka minne tena, akisomesha wajukuu zake na watoto wa jirani, na kila Idi nilipata salamu zake kwa barua ya binti yake. Mwenyezi Mungu awalaze mahali pema, yeye, na mama yake aliyekuja kwa miguu, na mkewe.

Nimekisomesha kitabu kile tangu hapo kwa watu wengi, wengine leo ni watu wazima wenye vyuo vyao. Sharti langu kwao ni moja, kwamba hatusomi hitima kabla ya mlango wa mwisho. Wapo waliolalamika kwamba mlango ule hauna matumizi tena. Nimewajibu kwamba wakae, tusome, halafu tutazungumza. Baada ya kuusoma, hawajawahi kulalamika.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akufungulie kila lililozibwa maishani mwako, akupe mwalimu mwenye subira na rafiki wa kukuambia ukweli kwa kicheko, akufikishe salama kila safari yako, na akuandikie mwisho mwema. Amin.